Wimbo wa Tekla

Mbingu,
9 Machi 2023

Mwanangu Kassian,

Marahaba, maana najua ungewahi wewe kuniamkia. Mimi mzima, ila miguu tu. Huko Dar es Salaam unapata mchele wa maana? Nakuandikia kwa sababu simu bado ni ile iliyoingia maji.

Nimefurahi kuwa mwimbaji ameuchukua wimbo uliomtungia Tekla tulipomzika. Nimekumbuka ulivyokuja kuposa na ile kofia yako ya pama. Nilimuuliza, "Huyu anafanya kazi gani?" Akasema, "Anatunga kantri, mama. Nyimbo za watu wa shamba wenye huzuni." Nikamwambia, "Basi hata mimi ni mwanamuziki!"

Msalaba wake umeliwa na mchwa, jina halisomeki. Nimesema si neno, redio italitaja. Wimbo hauliwi na mchwa.

Mama yako,
Balbina

Dar es Salaam,
2 Mei 2023

Mama,

Shikamoo. Pole na miguu. Mimi naendelea.

Omega, huyo mwimbaji, anasema Tekla ni jina la mabibi wa kanisani, vijana watacheka. Anataka niweke Bella. Nilipobisha akaniambia, "Mzee, wewe tunga, kuimba tuachie wenyewe." Wamenipa mpaka Jumatatu ijayo, nikikataa wanautupa. Tangu nimeanza kutunga hakuna wimbo wangu uliofika redioni. Nifanyeje, mama? Mpe jibu kondakta wa basi.

Mkweo,
Kassian

Mbingu,
16 Mei 2023

Mwanangu Kassian,

Hujambo? Barua imenikuta shambani naamia ndege kwenye mpunga, na Jumatatu yenyewe imeshapita. Ningewahi, ningesema usiwape.

Tekla alipokuwa mdogo alikuwa akifukuza ndege kwa jina lake. "Mimi Tekla! Tokeni!" Aliamini wanamjua. Na kweli walikuwa wakiruka.

Niandikie ulichoamua.

Mama yako,
Balbina

Mbingu,
30 Aprili 2024

Mwanangu Kassian,

U mzima? Mimi nipo, miguu ndiyo imekataa kabisa.

Barua yako sikuipata, lakini jibu nimelisikia redioni. Jumapili nilikuwa kwa jirani yangu Paskazia, tunachambua mchele. Gitaa lilipoanza nikalijua, nikawaambia watu wanyamaze, mwanangu Tekla anatajwa. Ikatoka Bella. Paskazia akauliza, "Bella ndiye nani?" Nikasema simjui. Mtangazaji akamsifu Omega kwa utunzi. Wewe nawe hukutajwa.

Sikulaumu, baba. Wimbo ni mzuri. Watoto wanauimba mashambani wakiamia ndege, bonde zima Bella, Bella.

Kaburi sasa nalijua mimi peke yangu, na siku hizi sifiki. Ukipiga gitaa ukiwa peke yako, imba ule wa kwanza. Na ukisikia nimekwenda, nitie na mimi humo, hata mstari mmoja. Jina langu Balbina. Unikumbuke.

Mama yako