Plastiki ya Kadi Nimeivunja Mimi

Itzel mjukuu wangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Ile kadi yako ya mchezaji wa besiboli imerudi asubuhi hii kutoka kampuni ya kukagua kadi, wewe umelala. Miezi kumi na minne umeingoja. Nikaikuta imefungiwa ndani ya plastiki ngumu, haina hata pa kufungulia. Nikadhani ni ya safari tu. Nikaipasua kwa kisu ili nikuwekee kadi kwenye albamu.

Chuy wa jirani alipoona akashika kichwa. “Bi Cuca, umebomoa nyumba ukambakiza mpangaji. Hilo ganda lenye namba ndilo alilokuwa analisubiri; bila hilo wanunuzi hawaiamini alama.”

Sasa mimi sielewi. Kampuni imeitazama kadi, imeipa nane kwa kumi. Haina mkwaruzo, nimeiangalia mara tatu. Jana nane, leo si nane, kwa nini? Nimepiga simu duka la kadi ulikoitumia, wanasema watu wanaotuma kadi kwa kampuni ni wengi mno, masanduku huko yamejaa hadi darini, tukiituma tena ni mwakani. Na wewe Jumamosi ulikuwa uiuze ulipie chuo cha uuguzi.

~~Usimwambie mama yako.~~ Mwambie mama yako, sema ni mimi.

Napanda basi la saa nne kwenda mjini Fresno, kwenye hilo duka, nina kadi na vipande vyote vya plastiki kwenye mfuko. Nitakaa pale mpaka apatikane wa kunielewesha. Na kama dawa ni foleni tu, safari hii nitapanga mimi. Wewe umeshasubiri vya kutosha.

Bibi yako, Cuca