Magurudumu Magumu kwa Barabara Ngumu

Tena alijua, Kaka Bakari. Yule mwuza viatu vya magurudumu wa Kona ya Musa alijua! Ulimwambia barabara yetu ya Msambweni ni ngumu, imejaa kokoto. Akakujibu mbele yangu, "Barabara ngumu yataka gurudumu gumu, kijana." Tukacheka, maneno yalivyokuwa matamu, ukavinunua. Jioni yake kokoto ndogo tu ikakukwamisha, ukaanguka kwa kichwa. Hukuamka.

Nimeolewa, kaka! Na Salimu wa Diani, anayefundisha watoto kuteleza kwa magurudumu. Ananipenda hadi naona haya kukuandikia. Tukiwa fungateni, aliniwekea magurudumu mawili kiganjani, juu ya hina. "Bonyeza kwa ukucha, mpenzi." Lililoandikwa 78A lilibonyea kidogo. La 99A, jiwe! Kumbe namba ikipanda, ugumu nao wapanda. Gumu ni la sakafu ya saruji, kokoto hulisimamisha. Laini ndilo linalobonyea juu ya kokoto likapita. Nikamletea viatu vyako. Akasoma 101A, akanikumbatia.

Sikungoja fungate iishe. Mama mkwe alishika kichwa: "Bi harusi atoka nje!" Nikatoka, Salimu kanishika mkono. Kule dukani Kona ya Musa nikauliza gurudumu la barabara ya kokoto ni lipi. Mwenye duka akanipa la 78A bila hata kufikiri.

"Na kaka yangu mbona ulimpa la 101A?"

Akatazama viatu vyako, akavitambua. "Yale yalikuwa yamenilalia dukani, bi harusi. Hayakuwa na mnunuzi."

Yamemlalia! Nawe je, umelala wapi?

Nikaviweka mbele yake. "Vaa, basi. Teremka navyo barabarani." Vijana wa boda boda wakajaa mlangoni. "Vaa, mzee, twakungoja!" "Mdomo wateleza, miguu yaogopa!" Akatokwa na jasho, kaka. Lo, raha niliyoiona! Harusini sikucheka vile.

Sasa kila alasiri twakaa mkabala na duka lake, mimi na mpenzi wangu, tumeshikana mikono. Kila mteja namwambia abonyeze kwa ukucha kabla hajanunua. Wengi waondoka mikono mitupu. Ametuma wazee waniombe nimsamehe. Nimewaandalia chai, nikawaambia hapana.

Mola akupe nuru huko uliko, kaka yangu. Kabla mwezi haujaisha nitakuja kaburini na shemeji yako, nikwambie duka lile limefungwa.

Dada yako,
Mwanasha