Karatasi ya Lowell na Barua za Jumapili

S.L.P. 218,
Marlow Switch, Texas.

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Mpendwa kaka yangu Ezell,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Goti linasemaje? Na kile kikohozi cha mwaka jana kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Wifi Marta naye mzima? Nimepiga simu yako siku nne mfululizo, inaita tu. Nadine akaniambia, mama, mjomba atakuwa kambini kwenye samaki, wewe andika. Basi nimekaa hapa mezani. Nisamehe mwandiko, unajua shule niliiacha darasa la saba na mkono wangu haujawahi kunyooka.

Sisi hapa tunaendelea. Mimi sukari inapanda na kushuka, ila nasimama na kanisani nafika. Nadine bado yuko jikoni pale shuleni, kwenye masufuria yaleyale niliyoyasugua mimi miaka kumi na tisa. Mumewe Curtis ameacha lori la magogo, mgongo umekataa, sasa anahesabu mbao ghalani. Binti yao Jolie ameota meno ya mbele, na anajua kusoma, ndiye anayenisomea Biblia pale herufi zinapokuwa ndogo. Shangazi Pearlie ametimiza tisini na moja. Macho yamekwenda, ulimi uko palepale. Juzi mahubiri yalipozidi urefu alimwambia mchungaji mbele ya watu, "Mwanangu, nimesali mpaka nikalala, nikaamka, nikakukuta bado uko Misri."

Utaona sijamtaja Lowell. Nimemweka mwisho kwa sababu yeye ndiye barua yenyewe.

Lowell yuko hapa kwangu, kaka, na hakuja kutembea. Mkamwana wangu Renita alimleta mwezi wa nane na mabegi mawili. Alikaa sebuleni akalia, akasema, "Mama, simfukuzi. Naogopa kumwacha na watoto jiko likiwaka." Sikumlaumu. Kabla ya hapo Lowell alikuwa amekaa ndani ya gari kwa saa tatu nje ya nyumba yake mwenyewe, akisubiri mtu atoke amwambie ni nyumba ya nani.

Kule kwenye runinga anakotangaza mechi huenda ulimwona, kama picha zinafika huko. Ile Jumamosi ya tarehe ishirini na moja mwezi uliopita alisimulia kisa kilekile mara tatu katika kipindi kimoja. Kisha akamwita yule kijana anayerusha mpira kwa jina la Garvin, mwenzake wa chuoni aliyekufa miaka minane iliyopita. Halafu akanyamaza. Mtangazaji mwenzake akacheka kumfunika, akasema Lowell leo hajanywa kahawa. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko, nikahesabu mpaka kumi na moja kabla mwanangu hajasema tena. Nilipofua koti lake nilikuta majina ya wachezaji ameyaandika kwa kalamu kwenye bitana ya mkono. Wamempumzisha kwa sasa. Wanasema ni likizo.

Hapa mjini wameshaamua kuwa ni pombe. Nilikuwa dukani kwa Hoyt nanunua maziwa, Hoyt akaniambia watu wakisikia, "Verdell, mwambie Lowell chupa aifungue baada ya mechi, si kabla." Mwingine akadakia, "Mwache bwana, labda kahawa yenyewe ndiyo ina kitu." Wakacheka. Ni walewale, kaka, waliojaa ukumbi wa kanisa siku ile ya pili ya uchaguzi wa ligi, timu zikiteua vijana wapya mmoja mmoja kwenye runinga, wakala kambare wangu na mkate wa mahindi tangu asubuhi mpaka jina lake likaitwa karibu mwisho kabisa. Hoyt ndiye aliyepanda juu ya meza. Niliweka maziwa nikatoka. Lowell hanywi, unajua.

Ni kichwa. Ni vile vipigo vya uwanjani. Chuoni miaka minne, ligi ya kulipwa miaka saba, na wewe unajua kwotabeki, yule mrushaji, ndiye ambaye mpira uko mikononi mwake kila mara, kwa hiyo ndiye anayewindwa na kila mtu. Ligi wana baraza la madaktari. Ikithibitishwa kwamba ubongo wako umeharibika kwa mchezo, wanakuchukua, wanakutibu, wanakuwekea mtu wa kukuangalia. Tulikwenda Dallas mwezi uliopita, mimi na Nadine na yeye.

Na hapo ndipo nilipo na jambo la kukuambia ambalo sijamwambia hata Nadine.

Unakumbuka ule mwaka wa 2002 alipoingia chuo. Mwezi wa nane, kabla ya mazoezi, wachezaji wote wapya walipimwa akili. Unasomewa maneno kumi na tano, unaulizwa umekumbuka mangapi, wanaandika, wanahifadhi. Ukija kugongwa kichwa wanakupima tena na kulinganisha. Ukiwa umepungua, unakaa nje wiki mbili tatu, na nafasi yako anaichukua mwingine. Basi wale wakubwa wakawafundisha wadogo: siku ya kupimwa, jifanye mjinga. Anza chini, ili hata ukigongwa usionekane umeshuka. Walifanya wote. Ilikuwa kama kujifunza kufunga kamba za viatu.

Lowell alikuja nyumbani wikendi ile, akakaa hapahapa ninapoandika, anakula maharage, anacheka. Akaniambia, "Mama, nimewapa manne tu." Kisha akanitajia yote kumi na tano, kutoka mwanzo kwenda mwisho na kutoka mwisho kurudi mwanzo, mdomo umejaa. Kiatu, ngazi, sukari, mto, na mengine. Mimi nayakumbuka hayo manne mpaka leo. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia, "Ungewanyima hata hayo manne, mwanangu. Usije ukakaa benchi."

Mimi ndiye niliyesema hivyo, kaka. Niliogopa benchi. Baba yake alikuwa ameshakufa, na nilijua akikaa nje anarudi kwenye magogo. Sikujua kuna kitu kingine cha kuogopa.

Mwaka wake wa tatu chuoni walimbeba kutoka uwanjani, macho yametazama juu. Wakampima kesho yake, akakumbuka maneno sita. Wakamwambia uko vizuri kuliko ulivyokuja. Jumamosi iliyofuata alicheza. Nilikuwepo, nilipiga makofi.

Sasa pale Dallas daktari aliitoa karatasi ile ya chuo, ya miaka kumi na saba, iko safi kama jana. Akampima Lowell. Mwanangu alifumba macho, alijitahidi, jasho likamtoka puani. Akapata matano. Daktari akatazama karatasi, akatutazama, akasema kwa upole, "Mama, kwa karatasi hii hajapoteza kitu. Ameongezeka neno moja."

Nilitaka kusema. Lowell ndiye aliyesema, na ilikuwa moja ya zile siku zake nzuri. Alisema, "Daktari, nilidanganya. Sote tulidanganya." Yule daktari hakukasirika. Alisema anaamini, amewasikia wengi wakisema hivyo, lakini baraza haliamini maneno, linaamini maandishi. Kama hakuna kitu cha miaka ile kinachoonyesha akili yake ilivyokuwa, wataandika kwamba alizaliwa hivyo, na faili litafungwa. Kikao ni tarehe ishirini na nane mwezi huu. Mficha maradhi, mauti humuumbua. Sisi tuliyaficha hata kabla hayajaingia.

Shuleni nimekwenda. Alama zake za darasani zilikuwa za katikati tu, hazisaidii, alikuwa anasinzia masomoni. Kocha wake wa zamani ni marehemu. Nimelala na jambo hili wiki mbili. Alhamisi nikiwa namenya viazi nikakukumbuka wewe.

Zile barua, Ezell. Zile alizokuwa anakuandikia kila Jumapili akitoka kanisani, tangu akiwa na miaka kumi na tano mpaka anamaliza chuo, kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha kurusha, na tangu uhamie huko mbali hukuweza kuja kutazama hata mechi moja. Akiwa nyumbani alikuwa anakaa hapa na daftari, bila kuuliza mtu, bila kutazama popote, anakuchorea mechi nzima, mpango baada ya mpango, viduara na misalaba, nani alisimama wapi, nani alikimbilia wapi, upepo ulitoka upande gani. Mipango sitini, sabini kwa mechi moja. Na wewe uliwahi kuniambia kwamba Nadine alikutumia kanda ya mechi ile ya fainali, ukaiweka na barua mkononi, ukakaa siku mbili unalinganisha, usione kosa hata moja. Ukasema mtoto huyu kichwani ana kamera. Ndiyo maana hata runinga walimtaka. Alikuwa anasema mpango utakavyokwenda kabla mpira haujaguswa.

Nimempigia daktari. Amesema kama zipo, na zina tarehe, zinatosha kufungua mdomo wa baraza. Nakala yetu ya kanda ya fainali ilikuwa bado hapa, Nadine ameshaipeleka kwake.

Sasa nisikilize vizuri. Usizitoe kwenye bahasha. Muhuri wa posta ndio wenye tarehe, barua yenyewe hakuwahi kuiandika tarehe, aliandika Jumapili tu. Usizipange wala usipige pasi palipokunjamana. Zitie kwenye sanduku kama zilivyo, zifunge kwa plastiki, uzitume kwa njia ya haraka. Najua ulihama ile nyumba yenye paa bovu. Najua mtu akihama hutupa. Kama ulizitupa sitakulaumu, mimi nimetupa kikubwa zaidi. Ila niambie ili nisiendelee kusubiri gari la posta nikiwa nimesimama dirishani.

Msalimie sana wifi Marta, mwambie lile shuka la viraka nalimalizia. Wasalimie mwanao Roland na mkewe, na kale kachanga kao ambako sijakashika. Shangazi Pearlie anasema afe kwanza yeye, wewe uje umzike, usimpotezee zamu. Nadine, Curtis na Jolie wanakusalimu. Bwana akuzungushie mkono wake humo baharini na nchi kavu, na mlango wako usikose mtu wa kuufungua.

Lowell amepita hapa nikiandika. Akauliza naandika kwa nani. Nikamwambia, kwa mjomba Ezell. Akafurahi, akasema nikusalimu. Akaenda barazani, akarudi baada ya muda kidogo, akauliza naandika kwa nani. Nikamwambia tena. Akasimama akiitazama karatasi hii, akasema, "Mwambie mjomba nitamwandikia Jumapili."

Leo ni Jumapili, kaka.

Ukiipata hii, usingoje kumaliza kazi. Nitumie neno moja upesi, kwa simu, kwa telegramu kama bado zipo, kwa mtu yeyote anayeshuka huku: zipo, au hazipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu uliponibeba mgongoni kuvuka mto,

Verdell