Baba, Shanga Zile Ulizitoa Wapi?

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nitaisikia mwenyewe, na kile kikohozi chako kidogo kilichokuwa kinaitangulia. Leo lakini sikuletei salamu tu. Nimechefukwa, Baba. Nimechefukwa tangu Jumamosi mpaka leo, na barua hii naiandika waziwazi wengine nao waisome, kwa sababu walionichefua ni wengi na mmoja wao ni wewe.

Jumamosi hiyo niliitwa ukumbini hapa Sumbawanga. Walimu wa mjini wameanzisha siku ya wasomaji, na safari hii walichagua kitabu chako. Wamekitoa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Niliwekwa kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe, binti wa marehemu mwandishi. Mimi niliyezoea kukalia gunia la mahindi sokoni nilijiona mtu, sikatai. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya kabisa. Kisha wakaanza kutoa maoni.

Kwa asiyekijua kitabu, niseme kwa kifupi. Ni vita ile ya kwanza, ya Wajerumani na Waingereza. Askari wa Wazungu wamekikalia kijiji kimoja cha Ufipa, wamekula ulezi wote wa ghalani, na wanaume wamefungwa kamba kwenda kubeba mizigo. Wamebaki akina mama wanaolindwa na askari wasitoke, na watoto kumi na mmoja wanaoachwa wafukuze ndege mashambani. Watoto hao wanatia mbegu za msimu ujao kwenye vyungu, wanaziba midomo kwa udongo, wanavizika ndani ya matuta. Matuta yetu ya duara, yale tunayofukia majani ndani yake yaoze, yako mamia shambani na yote yanafanana. Askari wanapita katikati yake kila siku na hawaoni kitu. Mpaka mtoto wa kumi na moja, msichana, anapowaonyesha, kwa malipo ya mkufu wa shanga nyekundu. Mbegu zinafukuliwa, zinapikwa, na msimu unaofuata kijiji kinakufa njaa.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja mstaafu, koti la suti na fimbo ya mpingo. "Mimi nasema wazi," akasema. "Yule mtoto angechapwa viboko mbele ya kijiji kizima. Na mama yake pembeni, naye achapwe." Akapigiwa makofi.

Akafuata mama mmoja wa kwaya, mtu ninayemfahamu, tunapeana amani kanisani. "Mwandishi amewapa majina watoto kumi," akasema. "Yule hakumpa jina wala ukoo. Ana maana yake. Damu ya namna ile haina kwao."

Halafu kijana wa chuo, kofia kichwani hata ndani ya ukumbi: "Washikaji, dogo kauza kijiji kizima kwa shanga! Si bora hata angedai ng'ombe?" Ukumbi ukavunjika mbavu.

Nilisubiri mtu mmoja, Baba, mmoja tu, aulize yule mtoto alikuwa na umri gani. Umeandika mwenyewe kwamba alikuwa na miaka sita na meno ya mbele yameng'oka. Wamesoma, wamepita. Mzee mzima anatamani kumchapa mtoto asiye na meno, na watu wanampigia makofi kama aliyetoa sadaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hawakuishia hapo. Wanafunzi walileta igizo. Mtoto wa darasa la pili, mdogo kuliko wenzake wote, alivalishwa shanga nyekundu za plastiki, na wenzake wakamzunguka wakimzomea: "Shanga! Shanga!" Wakauvuta mkufu ukakatika, shanga zikatawanyika sakafuni mpaka chini ya viti vya wageni. Yule mtoto alianza kulia, na haikuwa kuigiza. Kamasi lilikuwa linamtoka na alikuwa anamtafuta mwalimu wake kwa macho. Watu wakasema anajua kuigiza. Makofi yakapigwa.

Na mimi nilipiga. Nilikuwa kiti cha mbele, watu wananitazama, binti wa mwandishi. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko fimbo ya mpingo na kwaya yote.

Nakumbuka ulivyokiandika. Tulikuwa tunakaa Msanzi, mimi niko darasa la nne. Ukitoka shule ulikuwa unavua viatu, unavigonga ukutani kutoa udongo, unakaa mezani na zile karatasi za mitihani ya zamani, unaandika nyuma yake. Kazi yangu ilikuwa kukusomea ulichoandika jana. Nikikosea kusoma ulikuwa hunigombezi, ulikuwa unasema, "Basi nimeandika vibaya," unasahihisha. Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kuniambia kwamba kosa langu ni lake. Baridi ya mwezi wa sita ikizidi ulikuwa unanifungulia koti lako, naingia upande mmoja, unaendelea kuandika kwa mkono wa upande wa pili. Nilikuwa nakupenda, Baba, mpaka nilikuwa nawaonea huruma watoto wengine kwa baba walionao.

Kilipokamilika, ulimsomea Bibi. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mama yako alikuwa uani anapepeta ulezi, na wewe ulisoma ukiwa umesimama, kama uko darasani. Bibi alisikiliza na ungo wake mkononi. Kwenye kuzika vyungu alitikisa kichwa kukubali, hata akacheka mahali. Ulipofika kwenye shanga, ungo ukasimama.

"Mwanangu," akakuambia kwa Kifipa chake, taratibu, "hizo shanga nilizivaa lini?"

Ukainamisha karatasi. "Mama, hiki ni kitabu. Kitabu kinataka sababu. Msomaji hataelewa mtoto kusema hivi hivi tu."

"Hivi hivi tu," Bibi akarudia. Akaendelea kupepeta.

Nilikuwa nimekaa kizingitini. Ndivyo nilivyojua kwamba yule wa kumi na moja ni Bibi yangu. Jioni ile alivua rozari yake ya shanga aliyokuwa anaivaa shingoni siku zote. Hakuacha kusali, ila tangu siku ile rozari ilikaa kwenye upindo wa kitenge chake, na akisali alikuwa anaifunika kwa kiganja. Wewe uliona? Mimi niliona kila siku na sikuwahi kukuambia.

Baadaye alinisimulia mwenyewe, tukiwa shambani tunapiga matuta. Sikumuuliza. Alilaza jembe tu akaanza kusema. Watoto wakubwa walimfuata wakamwapisha: usimwambie Mzungu. Wakamrudia mara ya pili na ya tatu: usimwambie Mzungu. Akashika. Mzungu alipopita alikuwa anafumba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha siku moja akaja askari wao mwingine, mweusi kama baba yake, kavua kofia, akamsalimia vizuri. Akamuuliza jina lake, akamuuliza kwao hawajambo. Halafu akamuuliza watu wa hapa wanaweka wapi mbegu.

"Nilichuchumaa," Bibi akaniambia, "nikapiga makofi mawili, nikamjibu. Mtu mzima ameuliza. Na yule hakuwa Mzungu."

Basi. Ndiyo hadithi yote. Hakukuwa na shanga wala tamaa. Mtoto alifundishwa na Wafipa kwamba mkubwa akikusalimia unachuchumaa na kupiga makofi, akikuuliza unajibu kweli, na akafanya alivyofundishwa. Wenzake walimfungia mlango mmoja wakasahau wa pili. Na adhabu aliipata, yule mzee wa fimbo asihofu: mdogo wake wa kiume, aliyekuwa anambeba mgongoni, alikufa kwenye njaa ile. Bibi alimtaja mara moja tu, akashika jembe, akapiga matuta mpaka jua likazama.

Nilikuja mbio kukuambia nilichosikia. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Ya nyumbani yabaki nyumbani." Nami nikachuchumaa, kwa namna yangu, nikatii. Nimetii mpaka nimekuwa na wajukuu.

Nimekutafutia udhuru, Baba, usidhani sikukutafutia. Labda uliogopa. Watu wa koo zilizozika watoto mwaka ule walikuwa bado hai, wengine wanakuja kwako kuandikiwa barua, na wewe ni mwalimu wa watoto wao. Labda ulimnyima jina na ukoo ili kumficha mama yako. Kama ni hivyo, ulimficha vizuri mno. Umemficha mpaka watu wanamtemea mate mbele yangu na mimi napiga makofi. Ungeweza kumnyima jina na kumwachia ukweli wake. Lakini ukweli wake ulikuwa unatuuma sote, kwa sababu ulikuwa unauliza nani alimlea hivyo, na shanga hazimuumi mtu. Tamaa ya mtoto wa mwenzako ni tamu kusoma. Hapo ndipo unaponichukiza, na nalisema neno hilo kwa baba yangu nikiwa nimekaa, sijachuchumaa.

Lile igizo lilipokwisha, mwalimu mwenye shughuli aliniletea karatasi. Wanataka kukichapa upya kitabu, vizuri, na jalada la rangi, na igizo liwekwe mwishoni ili shule za mkoa mzima ziwe zinaliigiza. "Sahihi yako tu hapa, Mama, mengine tutamaliza sisi." Nilisema nitaisoma kwanza. Ikakaa dukani kwangu sokoni, chini ya mizani, siku tatu. Nitakuambia ukweli wote: siku ya pili nilichukua kalamu. Niliwaza jina lako kwenye jalada la rangi, watoto wa Kalambo mpaka Ilemba wanalisoma, na nikajiambia Bibi ameshakufa, hasikii.

Siku ya tatu akaja mteja kununua ulezi wa uji, mama kijana, ameshika mkono wa mtoto. Nikamtambua yule mtoto kabla sijamtambua mama. Ndiye yule wa igizo. Alijificha nyuma ya kitenge cha mama yake.

"Huyu si ndiye aliyeigiza?" nikauliza.

"Ndiye," mama akacheka. "Wamempa na jina huko shuleni, mtaani kwetu sasa ndilo wanalomwitia. Msalimie bibi, wewe!"

Nikainama, nikatabasamu, nikamuuliza kwa upole kama mtu mzima anavyomuuliza mtoto. "Hujambo, mjukuu wangu? Unaitwa nani?"

Mtoto akatoka nyuma ya mama yake. Akachuchumaa pale kwenye vumbi la soko, vizuri kabisa, akapiga makofi mawili, akanijibu kweli kama alivyofundishwa.

"Shanga."

Mama yake akacheka tena. Mimi niliiacha mizani. Nikachuchumaa na mimi, mbele ya wateja, magoti yananilia, nikamwomba anitajie jina alilobatizwa. Akanitazama kwanza kama anauliza ni lipi linaruhusiwa. Anaitwa Editha. Nikamwita Editha mara tatu, nikampimia ulezi wake, nikamwomba msamaha kwa yale makofi ya ukumbini. Hakunielewa. Mama yake naye alinitazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Kwa hiyo karatasi yao sitatia sahihi, Baba. Jumamosi hii nitarudi ukumbini na barua hii nitaisoma mwenyewe, kwa sauti, yule mzee wa fimbo akiwepo. Atakayetaka kumchapa mtoto yule aje achape hapa, ukoo wake ni huu, na mama wa kwaya ajue amani amekuwa akipeana na damu ile ile. Nimeshamwambia mwalimu: kitabu kitachapwa siku shanga zitakapotoka na yule askari aliyevua kofia atakapoingia, na mtoto wa kumi na moja atakapopewa jina lake mbele ya wenzake kumi. Igizo litupwe. Kama hawataki, fotokopi zififie mpaka zifutike. Uliniambia nikikosea kusoma, umeandika vibaya wewe. Basi, Mwalimu, hapa uliandika vibaya, nami nakusahihishia.

Sijaacha kukupenda. Baridi ya mwezi wa sita ikija bado nalitafuta lile koti. Lakini Jumapili nitakapokuja makaburini nitapita kwanza kwa Bibi, niuvalishe msalaba wa kaburi lake rozari yangu, nje nje, kila mpitaji aione. Kwako nitakuja baada yake. Unisubiri.

Binti yako,
Skolastika,
mjukuu wa Apolonia, mtoto wa kumi na moja.