Nundu ya Mchana

Jumanne, Oktoba. Jua limewaka tangu mapema, upepo umetoka mashariki kama kawaida yake, na vumbi la barabara ya mashamba ya mpunga limelala juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa. Moyo wangu leo hauna nguvu. Naandika kwa sababu binti yangu Kabula alinifungulia ukurasa huu kabla hajarudi Mbeya mjini. Alisema, baba, kama huwezi kuzungumza na watu, zungumza hata na simu.

Kwa asiyenijua, mimi ni mlinzi wa mnara. Si mnara wa simu, ingawa mwanzoni watu walikuja chini yake na kuinua simu zao juu kutafuta mtandao. Mnara wetu ni mfupi, urefu wa watu wawili, na umesimama ukingoni mwa kinamasi huku Usangu. Juu yake kuna vioo viwili vidogo vinavyotazamana, na kitu mfano wa kucha za ndege kinachosikiliza upepo.

Siku ya mkutano wa kijiji watu wa mradi walituambia kwamba unapima pumzi ya ardhi. Kwamba mchana majani yanavuta kaboni na usiku yanairudisha. Kwamba maji ya kinamasi yanapanda angani kama mvuke, na ndani ya tope inatoka gesi nyingine, methani, ile inayotoa mapovu ukikanyaga. Kwamba kinamasi kinavuta na kutoa kama mtu, na wakubwa wanataka kujua kinavuta kiasi gani na kinatoa kiasi gani. Watu walicheka. Bado wanacheka. Jirani yangu Masanja ananiita mlinzi wa upepo, na tukikutana njiani huniuliza kama usiku kuna upepo wowote ulioibiwa.

Kazi yangu kubwa ni kuzuia ng'ombe. Ng'ombe akicheua karibu na mnara, ile gesi ya tope inapanda kwenye mashine kana kwamba ardhi imechafukwa na tumbo. Basi mimi Msukuma, niliyefika Usangu nikitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yangu, nimeajiriwa kufukuza ng'ombe. Mke wangu hakuchoka kunicheka kwa hilo.

Hata watu wanazuiwa. Pumzi ya mtu ina kaboni nyingi kuliko hewa. Ukisimama upande wa mashariki, upepo unaichukua pumzi yako na kuipitisha kwenye vioo, na mashine inaandika kwamba ardhi imehema. Kwa hiyo kibanda changu kiko magharibi, nyuma ya mnara, na kila anayekuja anatakiwa apite huko.

Mama Kabula hakuwahi kupita huko.

Alikuwa akiniletea chakula cha mchana. Mara wali kwenye hotpoti, mara matobolwa na karanga, kwa sababu hakuacha kukausha viazi vitamu kama mama yake alivyomfundisha kule Usukumani. Akifika alisimama kwanza mashariki, chini kabisa ya mnara, akalegeza kitenge, akapigwa na ule ubaridi unaotoka majini. Alisema ametoka kwenye moshi wa jiko na anastahili. Nilimwambia hairuhusiwi. Akaniuliza, "Kwani huu upepo ni wa mradi au wa Mungu?" Aliendelea kusimama pale mpaka atosheke, ndipo akanizungukia na chakula.

Injinia wetu ni Tusekile, binti wa Kinyakyusa, umri wa Kabula. Huja kutoka Mbeya kuosha vioo na kuchukua data. Ndiye aliyegundua kwamba kwenye mstari wa kaboni kuna kitu kinainuka kila mchana. Akatuonyesha kwenye laptopu. Mstari ulikuwa umelala, kisha ukapanda ghafla na kushuka, sawasawa na mgongo wa ng'ombe wetu wa kienyeji. Akauita nundu. Mwanzoni alimsihi mke wangu aache. Baadaye alizoea. Akishuka tu kwenye gari alisema, "Shikamoo mama, nimekuona mjini." Mke wangu alifurahi mno. Aliwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba yeye anaonekana Mbeya kila siku na hajapanda basi.

Alifariki wakati wa masika. Ilianza homa, barabara ilikuwa tope, na tulipomfikisha hospitali tulikuwa tumechelewa.

Msibani kila aliyenishika mkono alisema, mama amepumzika. Nilikuwa nalisikia neno hilo tangu utotoni na sijawahi kulitazama. Siku ile lilinikwama. Mimi nalinda pumzi. Kupumzika ni kuweka mzigo chini ili pumzi ikurudie. Mtu anayepumzika anapumua. Alipokuwa amesimama chini ya mnara na kitenge kimelegea, pale ndipo alipokuwa akipumzika. Kaburini anafanya nini? Sikumuuliza mtu. Niliitikia tu, ndiyo, amepumzika.

Baada ya msiba Kabula alibaki na mimi. Aliacha cherehani yake mjini, akawa ananiletea chakula mnarani. Siku ya kwanza alipofika alisimama mashariki. Sikumkataza. Pengine hakujua, pengine ni miguu tu, kwa sababu alikuwa akimfuata mama yake pale tangu mnara ulipojengwa. Alikaa hadi wateja wake walipochoka kumsubiri, na mwishoni mwa Agosti akarudi mjini. Sasa najifungia chakula asubuhi na kukila kibandani.

Leo Tusekile amekuja. Ameosha vioo, ametoa kadi inayotunza data, ameweka laptopu juu ya boneti ya gari. Ametazama kwa muda, kisha akatabasamu kama mwalimu aliyeona daftari zuri. "Baba, data za safari hii ni safi sana. Hazina uchafu kabisa. Hongera."

Safi.

Nilishika kioo cha pembeni cha gari nikawa nakifuta vumbi. Naye alipoona hivyo alielewa, akaanza kusema samahani, nikamwambia hapana mwanangu, umesema kweli, ni safi.

Kisha nikamuuliza, "Ule uchafu wa zamani uliutupa wapi?"

Alinieleza taratibu. Hesabu zikipelekwa kwa wakubwa, kompyuta yenyewe inaziondoa nundu zote, kwa sababu si pumzi ya ardhi. Huitwa makosa. Lakini ile mistari ya kwanza, ambayo haijasafishwa, inatunzwa. Haifutwi. Nilimwomba anionyeshe.

Lazima niseme nilichokuwa nakitaka. Nina picha yake moja, ya kitambulisho, na amefumba jicho moja. Nina kitenge ambacho harufu yake imekwisha. Nina hotpoti ambayo chini yake alipaka rangi ya kucha nyekundu, ili kwenye misiba ya watu isichanganywe na za wengine. Nilitaka kitu kilichotoka ndani yake. Niliwaza kwamba pumzi yake imeandikwa mahali, na nikiiona nitaitambua, kama ninavyomtambua ng'ombe wangu katikati ya kundi la Masanja.

Tusekile alifungua, akapitisha mistari mingi. Nikavaa miwani. Mstari ulitambaa, ukatambaa, ukainuka. Nundu. Ilipanda kwa haraka, ikakaa juu kidogo, ikashuka polepole kama mtu asiyetaka kuondoka. Niligusa kioo cha laptopu kwa kidole.

"Huyu hapa," nilisema. "Huyu ndiye."

Tusekile alisogeza uso karibu na laptopu. Alitazama pembeni, mahali panapoandikwa tarehe, akatazama tena. "Baba," alisema, "hii ni ya Julai."

Julai mke wangu alikuwa ardhini. Ile ilikuwa pumzi ya Kabula.

Alitafuta nyingine haraka, za mwaka jana, za kabla ya masika. Nilizitazama moja baada ya nyingine. Zilikuwa nundu. Sikuweza kutofautisha mama na mtoto. Nilikumbuka kwamba mwaka jana hata mimi nilikuwa nikipanda mchana kutoa utando wa buibui kwenye vioo, na siku hizo nundu ilikuwa yangu. Nilimuuliza kama hakuna namna yoyote ya kujua. Akaniambia, "Mashine inajua kuna mtu, baba. Haijui ni nani." Aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeiunda.

Alisema ataomba ruhusa anichapie chache kwenye karatasi. Nilimshukuru, nikamwambia aache, maana sijui nichague ipi. Nikichagua vibaya nitakuwa namlilia mtu aliye hai.

Kabla hajaondoka alijaribu kunifariji. Alisema kaboni tunayoitoa haipotei, majani yanaivuta. Inawezekana pumzi ya mama imo kwenye majani haya haya. Ni neno zuri na najua limetoka moyoni. Lakini mimi nimelinda mnara huu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Mchana majani yanavuta, usiku yanarudisha. Hakuna kinachokaa.

Gari lilipopotea vumbini, mchana ulikuwa umefika. Nilichukua hotpoti yangu. Sikuingia kibandani. Nilizunguka mnara, nikasimama mashariki, mahali pale ambapo nyasi zimeanza kuota kwa sababu hapakanyagwi tena.

Upepo ule ni mzuri kweli. Ni baridi, una harufu ya maji na tope. Miaka yote nilikuwa namkataza, na sikuwahi kusimama pale hata siku moja kuujua.

Kwa kuwa mimi ni mlinzi, nilibana pumzi. Nilitaka nikae pale alipokaa nisiharibu kitu. Nilitazama majani yakilala na kuinuka. Kifua kilianza kuuma, masikio yakajaa, na mimi bado nimebana, nikimwaza yeye akinicheka mzee mzima nimevimba mashavu. Mtu anaweza kujizuia mambo mengi. Hili limenishinda. Pumzi ilinitoka yote kwa pamoja, ikaenda na upepo, ikapita kwenye vioo.

Nikalia. Na kulia nako ni kupumua, tena kwa nguvu zaidi.

Sasa ni jioni, naandika nikiwa nimekaa mlangoni kwangu. Kadi mpya imo ndani ya mashine, na ndani yake imo nundu moja ya Jumanne. Tusekile akija ataiona, na atajua. Kisha kompyuta itaiondoa pamoja na makosa mengine, na wakubwa watasoma kwamba mchana wa leo ardhi ilikuwa imetulia.

Hotpoti ninayo hapa, sikuifungua. Kesho upepo utatoka mashariki tena. Mimi nitasimama upande gani?