Tumbo Lote

Mtongwe, 4 Machi 2024

Dada Eddah, shikamoo. Wajionaje na kazi yako ya udaktari huko Marsabit? Huku Katana mume wangu yuko mzima, akusalimu. Mimi tumbo laniuma tangu juzi. Nilikwenda zahanati, kijana wa zamu akaniuliza, "Wapi?" Nikamwambia, "Tumbo lote." Akaandika hivyo hivyo, akanipa dawa za vidonda vya tumbo. Sioni nafuu. Ninywe nini? Nijibu hapa hapa kwenye simu.

Mdogo wako, Lynnette

Marsabit, 4 Machi, adhuhuri

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Siwezi kukwambia unywe nini kabla sijajua lauma vipi. Lilianzia wapi kabla halijaenea? Ukiligusa ni laini au limekaza? Wasikia kizunguzungu? Na hedhi uliiona lini? Usinifiche, mimi si mtu wa kando.

Dadako, Eddah

Mtongwe, 4 Machi, jioni

Dada, ahsante kwa kunijali. Lilianzia chini, kushoto. Mchana huu likanichoma ghafla, likazidi kote. Limekaza, sitaki hata leso iliguse. Nikisimama naona kiza. Na bega laniuma, wala sikubeba kitu. Hedhi sijaona, mwezi wa pili huu. Sikumwambia yule kijana, wala Katana. Wazijua zile mimba mbili zilizotoka. Nilisema hii nisiitaje mpaka ionekane yenyewe.

Mdogo wako

Marsabit, jioni hiyo hiyo

Lynnette, salamu baadaye. Naogopa mimba imetunga nje ya kizazi na imepasuka, wavuja damu ndani. Hilo bega ndilo linalonitisha, damu ikivuja tumboni huuma hadi begani. Usile, usinywe, usingoje asubuhi. Katana akupeleke hospitali kubwa sasa hivi. Ukifika usiseme "tumbo lote". Sema, "Nina mimba, bega laniuma, nataka kuzimia." Na waandike hayo.

Dadako

Marsabit, 5 Machi

Mdogo wangu, mlifika? Simu ya Katana haipatikani. Nahudumia wagonjwa, lakini roho iko huko. Nijibu hata neno moja.

Dadako

Mtongwe, 9 Machi

Dada, shikamoo. Niko hai, nimerudi nyumbani leo. Katana alinibeba mgongoni mpaka kwa jirani mwenye gari. Mlangoni niliyasema maneno yako, la mwisho sikulimaliza. Walinipasua papo hapo. Daktari Nduku asema wametoa mrija mmoja wa uzazi, wa pili ni mzima. Watu waja kuniambia, "Shukuru Mungu umepona." Nashukuru. Lakini karatasi niliyopewa imeandika mrija, imeandika damu, mtoto haikumtaja. Nami nilikuwa nimeanza kuongea naye, dada.

Mdogo wako

Marsabit, 9 Machi, usiku

Mdogo wangu mpenzi, hali sikuulizi, naijua. Karatasi zetu ni za kumwonyesha daktari mwingine pa kukushika. Hazijui kulia. Mtoto alikuwepo, na anayekwambia unyamaze mwache aseme peke yake. Nimepewa ruhusa kazini, kesho napanda basi. Nitakupikia uji, tutafunga mlango, nawe utaniambia mlikuwa mkiongea nini.

Dadako, Eddah