Orodha ya Akina Hamdani

Chumbageni, Jumapili, masika ya 1956

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na jua linakwenda kuzama haijakoma.

Leo Zuhura amenivua nguo mbele za watu, na hakufungua hata mdomo.

Tangu baada ya Ramadhani ya mwaka jana, mimi na yeye tumekuwa tukikusanya habari za watu mashuhuri wenye jina letu, Hamdani. Hatuna undugu. Jina hili limejaa pwani nzima, nalo ndilo lililotukutanisha tulipoanza kufundisha shule moja ya wasichana. Kaka yake, Bwana Seif, alitaka kuchapisha kijitabu. Sisi ndio tuliozunguka. Tulikwenda Pangani kuuliza habari za kadhi aliyemhukumu shemeji yake mwenyewe. Tulikwenda Moa, tukaandika habari za mshairi kipofu aliyezihifadhi beti zake zote kichwani. Tukamwandika mkalimani wa korti, tukamwandika na fundi wa kofia.

Nami nikamwandika bibi yangu, Mwanakombo Hamdani, mkunga.

Tulipokuwa ndani ya basi tukirudi kutoka Pangani, nilimwambia Zuhura jambo ambalo Mama alinieleza mara moja tu, akaniapisha. Bibi hakuzaliwa Hamdani. Alinunuliwa akiwa mtoto na Hamdani mmoja wa Pangani, na alipoachwa huru akabaki na jina la nyumba ile, nasi tukalirithi kwake. Zuhura alinishika mkono. "Somo yangu, nitazikwa nalo."

Nililia kwa kutuliwa mzigo.

Leo mchana tulikusanyika kwa Bwana Seif, wanaume barazani, sisi wanawake chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Akasoma: kadhi, mshairi, mkalimani, fundi. Nikawa nasubiri. Nikasikia karatasi ikikunjwa. "Wametimia," akasema.

Sauti ikanitoka, ikapita pazia. "Bwana Seif, na Bi Mwanakombo mkunga?"

Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Mwalimu, hapa tumeandika Hamdani wa damu. Wa kupewa jina ni habari nyingine."

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Mimi nikamtazama Zuhura. Alikuwa akichezea ncha ya mtandio wake.

Nikasimama. "Basi muulize mama yako, yuko humu ndani. Ulipozaliwa, ulipokewa na nani?"

Mama yake hakungoja kuulizwa. "Na Mwanakombo!" akasema kwa nguvu. "Siku mbili hakutoka kwangu. Ulitanguliza miguu, Seif. Bila yeye tungekwenda sote wawili."

Lakini sikusikia karatasi ikikunjuliwa tena. Nikavaa buibui langu nikatoka.

Zuhura alinikimbilia, viatu vimejaa maji. "Kaka aliniuliza huyo mkunga ni wa ukoo gani, ikaniponyoka. Sikujua kama atafanya hivi."

"Ilikuponyoka lini?"

"Mwezi uliopita."

Mwezi mzima. Mwezi mzima ameketi kando yangu ananiona nikinakili upya kurasa za Bibi kwa hati nzuri, naye anajua hazitasomwa. Juzi tu aliniambia, "Hapa ongeza jina la kijiji chake."

Nilimwacha pale pale njiani.

Nimefika nyumbani nikamweleza Mama yote, bila kuficha. Hakunigombeza. "Woga huu nimeishi nao tangu nikiwa mwali," alisema. Kisha akaingia chumbani, akakaza komeo. Mpaka sasa hajatoka.

Nami nilikuwa nimeapa.

Hilo ndilo linalonikaba. Alichonitenda Zuhura, nilianza mimi kumtenda mama yangu, ndani ya basi, kwa raha ya kushikwa mkono. Nimejaribu tangu nirudi kuona tofauti. Ipo, lakini ni ndogo kuliko ninavyotaka.

Kumsamehe? Sijui. Leo siwezi.

Kesho asubuhi tutakutana ofisini kwa mwalimu mkuu, penye daftari la mahudhurio. Zuhura hutia sahihi kwanza, kisha hunipa kalamu. Siku zote mimi huandika jina langu na herufi moja tu ya ukoo. Kesho nitaandika Hamdani, herufi zote, naye akiwa amesimama hapo anatazama.